Orodha Yenye Jina la Khisa

Philemon Khisa alikuwa na ulimi ambao wakulima wa Nyeri waliuogopa. Si kwamba alikuwa msengenyaji. Ulimi wake ulikuwa wa kuonja. Ushirika wa wakulima ulimwajiri kupima maziwa, na kabla umande haujakauka alikuwa amefika kwenye kituo kimoja au kingine, leo Mweiga, kesho Kiganjo, keshokutwa Naro Moru, akitumbukiza kipimo chake cha kioo katika mikebe ya watu. Kipimo kilikuwa cha kujazia fomu tu. Tone moja likishagusa ulimi, yeye alikuwa amekwisha kujua kama maziwa yametiwa maji, kama ng'ombe amelishwa kabichi zilizooza, kama mkebe ulioshwa kwa maji baridi badala ya moto. Wakulima walimjaribu kwa jogoo, wakamjaribu kwa viazi. Aliwarudishia vyote kwa upole, kisha akamwaga maziwa yao.

Alikuwa mtu wa Kimilili, magharibi kabisa mwa nchi, na alipofika Nyeri mwaka wa 1966 hakuwa na hata mtu wa kumwazima kiberiti. Aliyemtoa upweke ni Moffat Theuri, mchapishaji wa kadi za harusi na vitabu vidogo vya nyimbo za kanisa. Moffat alimwona amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma kanisani, akamshika mkono, akampeleka kula kwa mama yake. Alimfundisha kusalimia kwa Kikuyu bila kuchekwa. Khisa alipomleta mkewe Khavere na wakajaliwa mtoto, Moffat ndiye aliyesimama kwenye ubatizo kama baba wa kiroho. Kwa miaka sita hawakupitisha Jumapili bila kula meza moja.

Kwa hiyo Moffat alipokuja na wazo lake, mapema mwaka wa 1972, Khisa hakuwa na sababu ya kulitilia shaka.

"Mwezi wa tisa kuna maonyesho ya kilimo," Moffat alisema. "Watu watakuja kutoka Machakos, Kakamega, mpaka Mombasa. Sasa mtu akishuka kwa basi, anajua atakula wapi?"

"Atauliza."

"Atauliza nani? Atauliza yule wa kubeba mizigo, na huyo atampeleka kwa shemeji yake. Ati mgeni ako na macho? Hana. Mimi nataka kumpatia macho. Kitabu kidogo, hoteli kumi na mbili, ya kwanza mpaka ya mwisho, kila moja na maneno yake."

"Basi andika. Wewe ni mwenyeji."

"Hiyo ndiyo shida. Nikiandika mimi, watasema nimependelea wa mbari yangu. Lakini wewe huna ndugu hapa, na kila mtu anajua ulimi yako haipokei jogoo."

Khisa alicheka, lakini maneno yale yalimwingia. Mgeni aliyelelewa na mji anapoambiwa kwamba sasa mji unamhitaji, kifua hupanuka kidogo.

Alifanya kazi hiyo kama anavyopima maziwa. Kila hoteli aliingia mara tatu, kwa saa tofauti, bila kusema amekuja kwa nini. Alikunywa chai ya asubuhi, akala chakula cha mchana, akarudi alasiri kuona ni nini kimebaki na kinapelekwa wapi. Aliangalia pipa la maji limefunikwa au liko wazi. Aliangalia kitambaa kinachofuta meza kama ndicho kinachofuta sahani. Baada ya miezi mitatu alikuwa na kurasa ishirini na nne za daftari, na suruali zake zilikuwa zinambana.

Hoteli aliyoiweka ya kwanza haikuwa hata na kibao. Ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko, benchi nne, na mwenyewe alikuwa mjane aitwaye Wakonyo. Alikuwa amejifunza kupikia watu wengi wakati wa Emajensi ya wakoloni, walipofungiwa katika vijiji na sufuria moja ililazimika kutosha nyumba kumi. Githeri yake ya maharage ilikuwa laini na mahindi hayakupasuka, mukimo wake wa viazi vya kuponda ulinukia majani ya malenge yaliyochumwa siku ileile, na supu yake ya kichwa cha mbuzi iliwatoa wazee jasho wakasahau baridi ya Mlima Kenya. Lakini kilichomshinda Khisa si utamu. Saa kumi na moja jioni alimwona Wakonyo akimimina nyama iliyobaki, nyama nzima kabisa, katika ndoo ya jirani mfuga nguruwe.

"Mbona unamwaga, mama?" alimuuliza.

"Ya leo ni ya leo," Wakonyo alisema, bila kuinua kichwa. "Kesho niko na mbuzi mwingine."

Ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa, ilikuwa Hoteli Kilele ya Bwana Kahiga, kwenye barabara kuu. Ilikuwa na vitambaa mezani, kabati ya vioo na redio kubwa. Mchuzi wake ulikuwa mwekundu, mzito wa nyanya na pilipili, na chini ya pilipili Khisa aliikuta nyama ambayo ilikuwa imepashwa moto siku tatu. Aliandika mstari mmoja tu: "Nyama ya juzi ndani ya mchuzi wa leo."

Moffat alisoma daftari lote akicheka mpaka akafuta machozi. Baada ya wiki mbili alileta karatasi za majaribio. Khisa alizipitia neno kwa neno, na kila kitu kilikuwa kama alivyoandika. Alifurahi hivi kwamba, siku iliyofuata, alipitia kwa Wakonyo akamwambia, "Mama, katika kitabu cha wageni wewe ndiye wa kwanza."

Wakonyo alimtazama kama mtu anayetaniwa. Alipoona si utani, aliketi. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amemwambia fundi amtengenezee benchi tano zaidi, amenunua sufuria kubwa mbili, na amemwita dada yake kutoka Mweiga aje kumsaidia wakati wa maonyesho.

Mwezi wa nane, asubuhi moja ya manyunyu, Moffat alimfuata Khisa mpaka kituo cha maziwa cha Kiganjo. Foleni ilikuwa ndefu na mikono ya Khisa ilikuwa imelowa.

"Karatasi moja ya mwisho," Moffat alisema, akiishikilia chini ya mwavuli. "Ni ya kuruhusu jina yako ikae kwa jalada. Weka sahihi hapa, nikimbie."

Khisa alipangusa mkono kwenye aproni, akatia sahihi. Hakusoma. Ni nani anayesoma karatasi iliyoletwa na baba wa kiroho wa mtoto wake?

Jioni hiyo alimwandikia shangazi yake Nasirumbi barua. Nasirumbi ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alikuwa amestawisha aina ya wimbi nyekundu isiyoangushwa na upepo, na kikundi cha akina mama wa kanisa lao kilikuwa kimealikwa kuja kuionyesha Nyeri. Hakuwahi kuvuka Eldoret maishani mwake. Khisa alimwandikia kwamba siku watakayofika atakuwa Naro Moru kwa kazi isiyoweza kuahirishwa, atawakuta kesho yake. "Lakini msiwe na hofu ya chakula," aliandika. "Mtaletewa kijitabu chenye jina langu. Nimeonja kila kitu kwa niaba yenu. Kifuateni, hamtakosea." Akampa Moffat anwani yao ili nakala kumi na mbili ziwafikie moja kwa moja kutoka mtamboni.

Akina mama walifika Jumanne. Khisa alishuka kutoka Naro Moru Jumatano saa nne asubuhi, akaenda mbio kwenye ukumbi wa kanisa walikopewa malazi. Alitarajia kuwasikia wakiimba. Alisikia mtu akitapika.

Saba kati ya wale kumi na wawili walikuwa wamelala kwenye mikeka, macho yamezama. Mmoja alimtambua, akajaribu kuketi.

"Shangazi yako wamempeleka hospitali alfajiri," alisema. "Yeye ndiye alizidiwa."

Alimkuta Nasirumbi kitandani, chupa ya maji ya chumvi ikiningʼinia juu yake, midomo imekauka kama ganda la mhogo. Mwanamke aliyekuwa na uwezo wa kubeba gunia la wimbi kichwani alionekana mdogo kama mtoto. Khisa alipiga magoti.

"Mlikula wapi, shangazi?"

"Palepale uliposema."

"Kwa Wakonyo?"

"Wakonyo ni nani?" Alifumba macho, akakusanya pumzi. "Mwanangu, ile nyama ilininukia. Nilimwambia mwenzangu, hii imelala. Nikaisukuma kando. Halafu nikafungua kitabu chako tena, nikaona jina lako. Nikasema, Khisa anajua kuliko pua yangu. Nikala. Nikawaambia na wengine wale."

Kijitabu kilikuwa kwenye kistuli kando ya kitanda, jalada lake la kijani limelowa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Khisa kukishika. Juu kabisa kiliandikwa jina lake na kazi yake, kwa herufi kubwa kuliko jina la mji. Alifungua ukurasa wa pili. Ya kwanza ilikuwa Hoteli Kilele: "Nyama laini, mchuzi wa kupendeza, pahali pa wageni wa heshima." Alifungua wa tatu, wa nne, mpaka mwisho. Zilikuwa kumi na moja. Jina la Wakonyo halikuwamo popote.

Muuguzi alimwambia shangazi yake ataishi, lakini asitarajie kumtoa kabla ya siku nne. Khisa aliitikia kwa kichwa. Alitoka nje akasimama kwenye jua la baridi, na kwa muda hakuweza kukumbuka njia ya kwenda mjini, mji aliokuwa akiutembea kwa miaka sita.

Duka la zamani la Moffat lilikuwa limefungwa. Mwenye duka jirani alimwonyesha kwa kidevu. Mtambo wa kuchapa ulikuwa umehamia barabara kuu, katika chumba kikubwa chenye dirisha la kioo, ndani ya jengo la Bwana Kahiga, mlango wa pili kutoka Hoteli Kilele. Moffat alikuwa mle ndani, mikono imejaa wino, akipiga mluzi.

Alipomwona Khisa mluzi ulikatika.

"Kaa kwanza, Philemon."

"Shangazi yangu yuko hospitali."

Moffat aliweka chini kitambaa cha wino. "Pole. Pole sana. Ni nini?"

"Ni nyama ya Kahiga. Ameila kwa sababu mimi nimemwambia aile. Mimi! Niliandika hivyo lini, Moffat?"

Moffat alitazama mlango, akaufunga. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayemweleza mwenzake jambo la kawaida. "Pale nilikuwa, maji ilikuwa inaingia mpaka kwa karatasi. Wewe uliona. Kahiga akaniambia hii nafasi iko, lakini ati hawezi kumpangisha mtu amemwita wa mwisho. Na akasema Kilele haiwezi kuwa ya kwanza kama mama wa mabati ako kwa kitabu hicho hicho, watu watalinganisha. Ningefanya nini? Niko na watoto wanne."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Ndiyo sababu sikukuuliza." Alisema hivyo kana kwamba alikuwa amemfanyia Khisa hisani, amemwepushia uzito. "Philemon, hawa ni wageni. Wanakula mara moja, wanaenda kwao. Nani atajua?"

"Basi ungetoa jina langu. Ungeweka la Kahiga, ungeweka lako. Kwa nini uliniacha mimi pale juu?"

Moffat alisugua wino kwenye kidole kimoja kwa kidole kingine. "Bila jina yako," alisema hatimaye, "nani angeamini?"

Khisa alikuwa amekuja na ngumi zake tayari. Alizitazama, zikafunguka zenyewe. Watu husema mla nawe hafi nawe, na yeye siku zote alidhani msemo huo ulitungwa kwa ajili ya watu wengine. Alitoka bila kuufunga mlango.

Alasiri hiyo alikuwa amepangiwa kutangaza washindi wa maziwa uwanjani. Alipanda jukwaani, akasoma majina ya wakulima watatu, watu wakapiga makofi. Kisha hakurudisha kipaza sauti.

"Kuna kijitabu kinauzwa hapa na jina langu," alisema, na sauti yake ikarudi kutoka kwenye mabanda ya ng'ombe. "Orodha iliyomo si yangu. Niliyoiweka ya kwanza imefutwa, ni ya Mama Wakonyo, nyuma ya soko. Niliyoiweka ya mwisho ndiyo imewekwa ya kwanza. Watu wa kwetu wameugua kwa kuamini kitabu hicho. Msikifuate."

Alitegemea kimya, au hasira. Alichopata ni kicheko. Mtu mmoja katikati ya umati alipaza sauti, "Sahihi ni yako ama si yako?"

Kwa maana Kahiga, aliyekuwa ameketi safu ya mbele na suti yake ya kijivu, alikuwa amekwisha kusimama na karatasi mkononi. Ilikuwa orodha ile ile, imepigwa taipu kuanzia Kilele mpaka mwisho, na chini yake sahihi ya Philemon Khisa, wino umetawanyika kidogo kwa maji ya Kiganjo. Kahiga hakupiga kelele. Aliwapitishia walioketi karibu naye waisome.

"Mwanamume huyu aliweka sahihi kwa akili yake," alisema. "Sasa amebadilisha. Mjiulize yule mjane amempikia nini cha kumbadilisha hivyo."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na kilikuwa cha aina nyingine. Ofisa wa maonyesho alimnyang'anya Khisa kipaza sauti kwa adabu. Aliposhuka ngazi aliipita meza ya kikundi cha Kimilili. Mtu alikuwa ameandika jina la Nasirumbi kwenye kadi nyeupe na kuisimamisha mezani, lakini hakukuwa na mtu wala wimbi nyuma yake, kwa sababu gunia lilikuwa bado ukumbini na wachache waliobaki wazima walikuwa wakiwauguza wenzao.

Kesho yake alikwenda nyuma ya soko. Benchi zilikuwa tisa sasa, mpya zikinukia mbao, na wateja walikuwa watatu. Dada yake Wakonyo alipomwona aliingia ndani. Wakonyo alikuwa akichagua maharage meusi ya njahi kwenye ungo, na aliendelea kuchagua.

"Mama, nimekuja kukueleza—"

"Nimeelezwa. Uwanja yote imenieleza." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Wanaume wawili wamekuja hapa leo. Hawakuagiza chakula. Walikuja kuona uso wa yule mwanamke."

"Walinidanganya hata mimi. Rafiki yangu—"

"Rafiki yako ni yako. Mimi nilikuwa nimekaa hapa na benchi nne, na watu wangu wananijua. Sikukuomba uniandike. Sikukuomba unifute. Na sikukuomba unitangaze na kipaza sauti kama ng'ombe." Sasa alimtazama, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka tu. "Dada yangu anarudi Mweiga kesho. Wewe enda, Bwana Khisa. Ukitaka kula, kula kwa mke wako."

Alikwenda. Alipomweleza Khavere nyumbani, mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Karatasi ya Kiganjo, kwa nini hukuisoma?" Khisa alifungua kinywa, akakuta hakuna jibu ambalo halikuwa jina la Moffat.

Nasirumbi alitoka hospitali Jumapili. Maonyesho yalikuwa yamekwisha, mahema yameshushwa, na basi la kuelekea Nakuru liliondoka saa tatu asubuhi. Khisa alimshika mkono mpaka mlangoni mwa basi. Wenzake walikuwa wamekwisha kupanda. Walimsalimia kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyetaja kitabu, jambo ambalo lilimuuma kuliko kama wangemtukana.

"Nyumbani wataniuliza," Nasirumbi alisema. "Niwaambie nini?"

"Waambie jina langu liliibwa."

Mama huyo alifikiri. Upepo wa Mlima ulikuwa ukimtikisa leso begani, na yeye hakuwa na nyama za kuuzuia.

"Nitawaambia," alisema. "Wengine wataamini." Akampapasa shavu kama alivyokuwa akifanya zamani, akapanda polepole, akishika kila chuma.

Basi lilipoondoka, Khisa aliona upande wa pili wa barabara mtu amesimama na mfuko wa machungwa na mikate miwili chini ya kwapa. Alikuwa Moffat, amevaa koti lake la kanisani. Bila shaka alikuwa amekuja kuwapa wasafiri chakula cha njiani, akakosa ujasiri wa kuvuka.

Sasa alivuka. "Nilikuwa nataka kumwona mama," alisema. "Nilinunua hii kwa sokoni, ni mpya." Alinyoosha mfuko, kisha akaushusha, kwa sababu hakuna mkono uliotoka kuupokea. "Philemon. Leo ni Jumapili. Mama yangu ameweka sufuria kwa moto. Ameuliza mtoto atakuja saa ngapi."

Kwa miaka sita Khisa alimwita Moffat kwa jina lake tu, na wakati mwingine ndugu yangu.

"Bwana Theuri," alisema, "mwambie mama asitungoje."

Alishuka njia ya kwenda nyumbani. Nyuma yake aliisikia sauti ikimwita mara moja, halafu mara ya pili kwa Kikuyu, yale maneno ya salamu aliyofundishwa na mtu huyohuyo kwenye benchi la nyuma. Khisa aliyaelewa vizuri kabisa. Aliendelea kutembea.